Sumu iko ghalani, si kwa jirani: somo la jeni p53 kwa wakaaji wa Kivu

Mtu wa miaka 40 anaanza kukonda. Tumbo linavimba, macho yanageuka manjano, na chini ya mbavu za kuume kuna maumivu yasiyokwisha. Kabla hajafika kwenye ekografi, mtaa umeshatoa hukumu: amelishwa sumu. Huko Bukavu na vijiji vya pembeni sumu hiyo ina jina lake, karuho. Mahali pengine watu husema tu kwamba kuna mkono wa mtu. Kisha mkono huo unaanza kutafutwa: shemeji mwenye wivu, mke mwenza, muuza pombe, jirani aliyeleta sahani ya chakula siku ya msiba.

Hukumu za namna hii zinagharimu maisha. Familia zinavunjika, nyumba zinachomwa, mama wazee wanafukuzwa vijijini mwao. Mwaka 2021 wanawake waliuawa na makundi ya watu katika Kivu ya Kusini kwa tuhuma za uchawi, bila korti na bila ushahidi. Na mgonjwa mwenyewe, wakati ndugu wanatafuta mwenye kosa, anapoteza miezi mikononi mwa wale wanaomtapisha dawa za miti.

Sayansi ina neno la kusema katika jambo hili. Kwa sehemu ya wagonjwa hao, sumu iko kweli. Watu wa mtaa hawakukosea kuhisi sumu. Walikosea mtuhumiwa. Sumu hiyo haikutiwa na jirani, ilikua yenyewe ndani ya mfuko wa mahindi au wa karanga, na iliingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ushahidi wake uko ndani ya chembe za ini, katika jeni moja ambayo wanasayansi huiita TP53, na protini yake p53. Kuielewa jeni hiyo ni kuelewa kwa nini vita dhidi ya kansere ya ini huku mashariki mwa Kongo inapaswa kuanzia shambani, ghalani na kwenye materniti, siyo kwenye uwanja wa kumpiga mtu mawe.

Mlinzi aliyeshitakiwa bure

Protini ya p53 ilitambuliwa mwaka 1979, na vikundi kadhaa vya watafiti vilivyokuwa vikifanya kazi mbalimbali, huko Uingereza, Marekani na Ufaransa. Waliikuta kwa wingi ndani ya chembe za kansere. Wakafikiri kama vile mtaa unavyofikiri: aliyekutwa mahali pa kosa ndiye mwenye kosa. Kwa miaka 10 hivi, p53 ilihesabiwa kati ya jeni zinazoleta kansere.

Kunako mwaka 1989 mambo yaligeuka. Ilionekana kwamba jeni iliyokuwa ikichunguzwa katika maabara nyingi ilikuwa tayari imeharibika. Jeni nzima, isiyo na kasoro, ilifanya kinyume kabisa: ilizuia kansere isikue. Mshitakiwa alikuwa mlinzi aliyepigwa akiwa kazini. Mwaka 1992, Mwingereza David Lane, mmoja wa waliotambua p53, aliipa jina linalojulikana hadi leo duniani: mlinzi wa jenomu, yaani mlinzi wa maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya chembe.

Historia hiyo fupi inatosha kumfundisha mtu yeyote anayependa kushitaki haraka. Hata wasomi wenye darubini na maabara walimshitaki asiye na hatia kwa miaka 10. Tofauti ni kwamba walirudia vipimo, wakaona walikosea, wakafuta mashtaka hadharani. Mtaa unaomfukuza mama mzee kijijini haurudi kufuta mashtaka yake.

Jeni moja, kazi nyingi

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo zisizohesabika. Ndani ya kila chembe kuna ADN, ambayo ni kama kitabu kirefu kilichoandikwa kwa herufi 4 tu: A, C, G na T. Chembe ikitaka kugawanyika ili kuzaa nyingine, kitabu chote kinanakiliwa. Makosa ya kunakili hutokea, na pia kuna vitu kutoka nje vinavyochana kurasa: jua kali, moshi wa tumbaku, virusi, sumu za chakula.

Jeni TP53 iko kwenye kromozomu ya 17. Kazi yake ya kwanza ni kusimamisha. Inapoona ADN imeharibika, inaamuru chembe isigawanyike kwanza. Kazi ya pili ni kuita mafundi: inaamsha jeni nyingine zinazotengeneza mahali palipochanika. Kazi ya tatu ni nzito zaidi. Ikiwa uharibifu ni mkubwa na hauwezi kutengenezwa, p53 inaiamuru chembe ijiue yenyewe, kwa utaratibu, ili isije ikazaa chembe mbovu. Mara nyingine haiiui, bali inaistaafisha: chembe inabaki hai lakini haizai tena.

Kazi hazikomei hapo. p53 inasimamia pia namna chembe inavyotumia sukari na kutengeneza nguvu. Katika ngozi inashiriki kuamsha rangi nyeusi inayokinga mtu na jua. Wakati mgonjwa wa kansere anapopewa dawa kali, sehemu ya mateso anayoyapata mwilini inatokana na p53 ya chembe nzima inayoitikia uharibifu wa dawa hizo. Hata bidii yake ikizidi kuna gharama. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliokuwa na p53 kali kupita kiasi walipata kansere kidogo, lakini walizeeka mapema. Mlinzi mzuri ni yule anayejua kiasi.

Mnyama mmoja anayejulikana vizuri Garamba na Virunga anaonyesha uzito wa mlinzi huyu. Tembo ana mwili mkubwa na chembe nyingi kuliko mtu, na anaishi miaka mingi. Kwa hesabu ya kawaida angepaswa kufa na kansere mara kwa mara, lakini hapatwi nayo sana. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba tembo wa Afrika ana angalau nakala 20 za jeni hii, wakati mtu ana moja tu, aliyoipokea kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo mtu hana akiba kubwa. Mlinzi wake akianguka, mlango unabaki wazi. Katika karibu nusu ya kansere zote za binadamu, jeni TP53 imekutwa imeharibika. Kuna pia familia chache duniani zinazozaliwa na jeni hii ikiwa na kasoro tayari, na ndani ya familia hizo kansere huwapata hata watoto na vijana.

Kila adui anaacha alama yake

Jambo la ajabu kuhusu jeni hii ni kwamba kila adui anayeipiga anaacha alama ya namna yake. Miale ya jua inaharibu herufi kwa namna inayotambulika katika kansere za ngozi, ugonjwa unaowatesa sana watu wenye ualbino. Moshi wa sigara unapiga mahali pengine, na mapigo hayo yanaonekana katika kansere za mapafu. Virusi vinavyoitwa papiloma, vinavyoleta kansere ya shingo ya uzazi kwa wanawake, havihangaiki kuchana kurasa. Vina protini yao inayoikamata p53 na kuipeleka ikavunjwe, hata kama jeni yenyewe ni nzima. Kwa hiyo chanjo ya virusi hivyo kwa wasichana, na kipimo rahisi cha siki kwa akina mama, ni njia za kumlinda mlinzi huyohuyo.

Alama inayohusu zaidi meza ya bugali ni ya nne: alama ya aflatoksini.

Aflatoksini ni sumu inayotengenezwa na aina za ukungu zinazoota juu ya mahindi, karanga na nafaka nyingine. Ilianza kujulikana mwaka 1960, wakati zaidi ya batamzinga 100.000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa unga wa karanga kutoka Brazil. Kituo cha kimataifa cha utafiti juu ya kansere, kilichoko Lyon, Ufaransa, kimeiweka katika kundi la kwanza, yaani kati ya vitu ambavyo hakuna tena shaka kwamba vinaleta kansere kwa binadamu.

Mtu anapokula chakula chenye sumu hiyo, ini linajaribu kuisafisha. Katika kuisafisha, linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi ambacho kinang'ang'ania herufi G za ADN. Mwaka 1991, vikundi viwili vya watafiti vilitangaza matokeo yanayofanana bila kufanya kazi pamoja. Kimoja kilichunguza wagonjwa wa kansere ya ini kutoka kusini mwa Afrika, kingine wagonjwa wa Qidong, wilaya ya China karibu na Shanghai. Maeneo yote mawili watu walikuwa wakila chakula chenye aflatoksini nyingi. Na kote kuwili p53 ilikuwa imepigwa mahali palepale: pingili ya 249 kati ya pingili 393 za protini hiyo, ambapo herufi G iligeuzwa T. Qidong, wagonjwa 8 kati ya 16 walikuwa na kasoro hiyohiyo. Baadaye, nchini Gambia, watafiti walikuta alama hiyo hata katika damu ya wagonjwa wa kansere ya ini. Ulaya, ambako chakula kinapimwa kabla ya kuuzwa, alama hiyo ni nadra.

Huo ndio ushahidi. Mgonjwa wa Afrika na mgonjwa wa China hawana jirani mmoja, hawana mke mwenza mmoja, hawajawahi kunywa pombe kwenye kilabu kimoja. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni nafaka iliyoota ukungu.

Adui wawili pamoja

Aflatoksini haifanyi kazi peke yake. Ina rafiki, ni virusi vya hepatiti B. Virusi hivi vinakaa ndani ya ini kwa miaka, vinalichoma polepole na kulilazimisha kuzaa chembe mpya kila wakati. Chembe zinazozaliwa haraka, mlinzi akiwa ameshapigwa na sumu, ndizo zinazopotea njia.

Uchunguzi mkubwa uliofanyika Shanghai, uliofuata wanaume zaidi ya 18.000, ulionyesha hesabu inayotisha. Mwenye dalili za aflatoksini peke yake alikuwa na hatari ya kansere ya ini mara 3 hivi kuliko asiye nayo. Mwenye virusi peke yake, mara 7. Lakini mwenye vyote viwili, hatari ilipanda hadi karibu mara 60. Siyo 3 kujumlisha 7. Ni mzigo unaozidishwa.

Hapo ndipo Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika zinapopaswa kusikiliza. Hepatiti B iko. Mahindi, karanga na muhogo ndivyo vinavyojaza tumbo kila siku. Mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka, na mavuno yanakutana na unyevu. Vita inaongeza la kwake: mkulima wa Rutshuru, Masisi au Fizi anayesikia risasi anavuna kabla ya wakati, anafunga mahindi mabichi ndani ya mifuko, anakimbia nayo. Mfuko unakaa chini ya hema, juu ya udongo, wiki nzima. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo.

Soko nalo lina lawama yake. Panapouzwa kwa kilo, mahindi yenye maji yana uzito zaidi. Mkulima aliyekausha vizuri anapoteza kilo, na mnunuzi hamlipi chochote kwa kazi hiyo. Kwa maneno mengine, bei yenyewe inamfundisha mkulima kuuza unyevu. Mpaka siku bei ya mahindi makavu itakapokuwa juu ya bei ya mahindi mabichi, mahubiri yote juu ya usafi wa chakula yatabaki mahubiri.

Kuna pia swali la mipaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, inakubali mahindi yenye aflatoksini isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2021 Kenya ilifunga mlango kwa muda kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Nafaka inayokataliwa kwenye mpaka mmoja haitupwi mtoni. Inatafuta mpaka mwingine ambako hakuna anayepima. Serkali ya Kongo inapaswa kujiuliza kama mpaka huo si wake.

Yanayosemwa kupinga

Wengine watasema: mababu walikula mahindi hayohayo na walizeeka. Ni kweli baadhi walizeeka. Lakini wengine walikufa na tumbo lililovimba, na kwa kuwa hapakuwa na ekografi, ugonjwa wao ulizikwa pamoja nao ukiitwa uchawi. Sumu hii ikiwa nyingi mara moja, inaua kwa siku chache: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ikiwa kidogo kidogo, inachukua miaka. Kwa sababu ya urefu huo, hakuna anayekumbuka kulaumu mfuko wa mahindi.

Wengine watasema: mwenye njaa hachagui. Hilo ni neno zito, na hakuna anayepaswa kulichekea. Mama aliye katika kambi ya wakimbizi hawezi kuambiwa atupe unga wake bila kupewa mwingine. Lakini kuchagua nafaka si kutupa mfuko mzima. Mara nyingi sehemu kubwa ya sumu iko ndani ya punje chache: zilizovunjika, zilizonywea, zilizobadilika rangi, zenye ukungu. Kuziondoa hizo ni kuondoa sehemu kubwa ya hatari. Tatizo ni kwamba punje zinazoondolewa mara nyingi hazitupwi: zinasagwa unga wa bei ndogo, zinapikwa pombe, au zinapewa kuku na ng'ombe. Kupika, kukaanga wala kuchachusha hakuimalizi sumu hii. Ng'ombe anayeila anaitoa tena ndani ya maziwa. Yule maskini anayenunua unga wa bei ndogo anabeba mzigo wa wote.

Wengine tena watasema kwamba watu wabaya wapo, na sumu za kutiwa zipo. Hakuna anayekana. Kama kuna shaka ya mauaji, kuna polisi, kuna korti, na kuna vipimo vya hospitali. Pia si kila tumbo linalovimba ni kansere: bilharzia, kifua kikuu, pombe kali na magonjwa mengine ya ini yanaweza kuleta dalili kama hizo, na baadhi yake yanatibika kabisa. Hiyo ni sababu nyingine ya kumpeleka mgonjwa kwa muganga wa hospitali mapema. Anayemkalisha nyumbani miezi 3 akimtafutia mchawi anaweza kumuua kwa ugonjwa uliokuwa na dawa.

Kinga ni rahisi kuliko tiba

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wanasayansi wasitengeneze dawa ya kurudisha p53 kazini. Wanajaribu. China iliruhusu mwaka 2003 tiba inayoingiza jeni nzima ndani ya kansere, lakini tiba hiyo haijaenea duniani. Dawa nyingine ziko katika majaribio. Hata kama zingefaulu kesho, zingefika Walikale au Shabunda lini? Kansere ya ini ikianza kuonyesha dalili, mara nyingi imeshakua sana, na wagonjwa wengi wa Afrika wanapatwa nayo wakiwa chini ya miaka 50, wakiwa bado wanasomesha watoto. Familia inauza kiwanja, inavuka mpaka kwenda Kigali au Kampala, na inarudi na jeneza na madeni.

Kumlinda mlinzi kabla hajapigwa kunagharimu kidogo, na kuna ushahidi kwamba kunawezekana. Taiwan ilianza mwaka 1984 kuchanja watoto wachanga dhidi ya hepatiti B. Baada ya miaka 10 hivi, kansere ya ini kwa watoto wenye miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka karibu nusu. Qidong, watu waliacha mahindi na kula mchele katika miaka ya 1980, aflatoksini ikapungua katika damu zao, na vifo vya kansere ya ini vikashuka hata kabla ya watoto waliochanjwa kufikia umri wa kupatwa na ugonjwa huo.

Jambo la kwanza ni chanjo ya siku ya kuzaliwa. Kalenda ya chanjo ya Kongo inampa mtoto kinga ya hepatiti B ndani ya chanjo yenye kinga 5, kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ni vizuri, lakini virusi havisubiri wiki 6. Mtoto anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kubaki na virusi maisha yote, wakati kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Tangu mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Dozi hiyo inagharimu chini ya dola 1. Kila materniti yenye friji ya chanjo inapaswa kuwa nayo, na kila mama mwenye mimba apimwe virusi hivyo kama anavyopimwa ukimwi.

Jambo la pili ni kukausha. Mahindi yasianikwe juu ya udongo, bali juu ya shitingi au turubai, hadi yabaki na unyevu wa asilimia 13 hivi. Mkulima asiye na mashine ana kipimo cha chumvi: anatia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, anatikisa vizuri, anaacha itulie dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mashirika yanayogawa mbegu na majembe kila msimu yakiongeza shitingi moja kwa kila nyumba, yatakuwa yamegawa dawa ya kansere bila kuiita hivyo.

Jambo la tatu ni kupima. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina kazi ya kuchunguza ubora wa bidhaa. Unga unaouzwa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Uvira unapaswa kupimwa aflatoksini na matokeo yatangazwe, pamoja na chakula cha msaada. Kenya, Tanzania, Nigeria na Senegal zimeandikisha pia dawa ya shambani iitwayo Aflasafe, yenye ukungu usiotoa sumu unaoufukuza ule wenye sumu. Taasisi ya IITA iliyoitengeneza ina kituo Kalambo, karibu na Bukavu. Wakulima wa bonde la Ruzizi wana haki ya kuuliza dawa hiyo itawafikia lini kwa bei wanayoiweza.

Jambo la nne ni la viongozi. Chefu wa kijiji, mchungaji, padri na imamu ndio wanaofikiwa kwanza mtu anapodai kwamba ndugu yake amelishwa sumu. Jibu lao la kwanza liwe swali: ekografi imesema nini? Kipimo cha hepatiti B kimesema nini? Hakuna jina la mtu linalopaswa kutamkwa mbele ya umati kabla ya majibu hayo. Na baada ya majibu hayo, kama bado kuna shaka, kazi ni ya mwendesha mashtaka, siyo ya vijana wenye petroli.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo 4 linalosubiri ugunduzi mpya. Alama kwenye pingili ya 249 imejulikana tangu mwaka 1991, na chanjo ilikuwepo kabla ya hapo. Watoto waliozaliwa mwaka ule wameshakuwa watu wazima. Wengine kati yao ndio wanaokonda leo, huku majirani zao wakiogopa kupita mbele ya nyumba. Watoto wanaozaliwa wiki hii katika materniti za Kivu bado wanaweza kukingwa, kwa dozi moja ya saa 24 za kwanza na kwa mahindi yaliyoanikwa vizuri. Serkali, mashirika na wakulima wakichelewa, miaka 40 ijayo atatafutwa tena jirani wa kulaumiwa, na tena hatakuwa yeye.